Monita Inayoamka Saa Nne

Msomaji mmoja mwenye saiba mjini Keroka, mji ambao upande mmoja ni Kisii na upande wa pili ni Nyamira, aliniandikia mwishoni mwa Juni, siku ambazo foleni ya wenye ritani za KRA hufika mlangoni. Ana monita kadhaa za ex-UK, zile za inchi 17 zinazokaribia umbo la mraba, na moja imeanza visa. Akiiwasha asubuhi, kitaa cha chini kinapepesa, skrini inamulika mara moja, kisha giza. Inamulika tena, giza tena. Inaendelea hivyo kwa dakika ishirini, pengine zaidi, wateja wakitazama. Ikifika saa nne, jua limeshapanda, inawaka na kukaa hadi jioni kama kwamba haijawahi kumsumbua mtu. Jirani anamwambia ni radi. Fundi anamwambia atupe, anunue nyingine. Amwamini nani?

Asimwamini yeyote kati yao. Habari za kebo iliyolegea na soketi mbovu nazipita, kwa kuwa mwenye saiba ananishinda hapo. Radi nayo ina kesi ya kweli katika milima hii: unyevu wa Ziwa Victoria unapanda miinuko mchana, mawingu yanajengeka, na jioni kila mwenye akili anachomoa plagi. Lakini radi inayopita kwenye nyaya huua papo hapo. Huchoma fyuzi na vipuri vya mlangoni mwa umeme, na mchezo unaishia hapo. Kilichouawa na radi hakifufuki saa nne asubuhi.

Kinachojali baridi kiasi hiki ni kitu chenye majimaji ndani, na katika monita kitu hicho ni kapasita ya elektroliti. Ukifungua mfuniko wa nyuma, kwenye bodi ya umeme utaona vimikebe vimesimama wima, kila kimoja kikubwa kama ncha ya kidole, kimevishwa plastiki nyeusi, kahawia au kijani iliyoandikwa, kwa mfano, 1000 µF, 25 V, 105°C. Ubavuni pana mstari wa rangi tofauti unaoonyesha mguu wa hasi. Kichwani pamechongwa alama ya msalaba au herufi K, na alama hiyo si pambo: ni mahali palipodhoofishwa makusudi, ili gesi ikijaa ndani, mkebe upasukie hapo na usiruke kama risasi.

Ndani ya mkebe ndiko ninakopenda kukaa. Kuna kanda mbili za alumini zilizoviringishwa pamoja, katikati yake karatasi iliyoloweshwa. Wengi hudhani kanda hizo ndizo pande mbili za kapasita, na karatasi ndiyo kihami. Sivyo. Kihami ni kutu: ngozi ya oksidi ya alumini iliyooteshwa kiwandani juu ya ukanda wa chanya, takriban nanomita 1.4 kwa kila volti. Kapasita ya volti 25 ina ngozi ya nanomita 35 au zaidi kidogo, na unywele wako ni mnene kuliko hiyo zaidi ya mara elfu moja. Kabla ya kuotesha ngozi, kiwanda huula ukanda huo kwa kemikali hadi uwe na mashimo na mapango yasiyohesabika, ili eneo la uso liongezeke mara kadhaa, hata mara mia. Sasa, ni chuma gani kitaweza kuingia katika mapango hayo na kugusa kila kona? Hakuna. Kinachoingia ni majimaji. Kwa hiyo upande wa pili wa kapasita, ule wa hasi, ni majimaji yenyewe. Ukanda wa pili wa alumini ni njia tu ya kuyafikia. Yakipungua, kapasita haijapoteza kilainishi. Imepoteza nusu ya mwili wake. Mafundi husema “imekauka”, na wako sahihi kuliko wanavyojua.

Kazi ya vimikebe hivi ni kazi ya tenki la maji juu ya paa la ploti ya kupanga. Bodi ya umeme hupiga umeme wa Kenya Power vipande vipande, makumi ya maelfu ya mapigo kwa sekunde, na kuusukuma kwenye tenki kama pampu isiyotulia. Wapangaji walio chini hawataki mapigo. Wanataka maji yanayotiririka sawasawa. Tenki hupokea mapigo na kutoa mtiririko. Mpangaji mmoja mdogo ni kichakataji cha picha, hatumii mengi. Mpangaji mkubwa ni taa za nyuma ya skrini, ambazo zikianza kuwaka hufungua mifereji yote kwa pamoja. Sasa tia matope katika bomba linalotoka tenkini. Tenki ni lilelile, limejaa, ukipima kwa kijiti unaridhika kabisa. Lakini mpangaji mkubwa akifungua, maji yanakohoa mferejini. Msimamizi wa ploti, ambaye katika monita ni chipu ndogo ya ulinzi, anaona presha imeanguka, anafunga valvu kuu, anahesabu kidogo, anafungua tena. Huko kufunga na kufungua ndiko kupepesa anakokuona msomaji wangu. Na kile kijiti ndiyo mita ya kawaida ya fundi: inasema mikrofaradi zimetimia, naye anaiacha kapasita mgonjwa mahali pake na kulaumu skrini.

Hayo matope wahandisi wameyapa jina refu linalofupishwa kwa herufi tatu, ESR. Mimi nayaita ukinzani wa ndani. Kwa kapasita mpya ni sehemu ndogo sana ya omu moja. Kwa iliyozeeka hupanda mara nyingi zaidi, kwa sababu majimaji machache yaliyobaki yamekuwa mazito na chembe zinazobeba chaji zinajikokota ndani yake. Baridi huyafanya mazito zaidi. Mji wa Kisii uko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, Keroka uko juu zaidi, na alfajiri ya Juni au Julai nyuzi 14 si ajabu. Kapasita nzima hata haistuki. Iliyokauka inagoma.

Basi kwa nini hatimaye inawaka? Jua la saa nne linasaidia, lakini si lenyewe tu. Kila monita inapojaribu kuwaka, mkondo unapita ndani ya ule ukinzani, na mkondo ukipita kwenye ukinzani huzaa joto. Joto linayalegeza majimaji, ukinzani unashuka kidogo, jaribio linalofuata linadumu nukta moja zaidi, joto linaongezeka. Kupepesa kote kule, ambako mwenye saiba hukuona kuwa ugonjwa, ni monita inajipasha moto kwa ugonjwa wake wenyewe. Tena dawa hiyohiyo ndiyo inayoua: joto linasukuma mvuke wa elektroliti kupitia mpira ulioziba mkebe, na kesho asubuhi majimaji yatakuwa yamepungua tena.

Watengenezaji wana kanuni ya kukadiria uhai wa kapasita: joto likipungua nyuzi 10, umri unaongezeka maradufu. Mkebe ulioahidiwa saa 2,000 kwa nyuzi 105 utapata saa 32,000 ukikaa kwenye nyuzi 65. Saiba ikifunguliwa saa kumi na mbili kwa siku, hiyo ni miaka saba na kidogo, na monita za ex-UK zilishakula sehemu ya saa hizo Uingereza kabla ya kupanda meli. Kuna kizazi ambacho hakikufika hata hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kapasita za viwanda kadhaa vya Taiwan zilijazwa elektroliti mbovu iliyoshambulia alumini na kutoa hidrojeni. Mikebe ilivimba na kupasuka duniani kote, na mwaka 2005 Dell ilitenga dola milioni 300 kwa ajili ya kompyuta zake zenye kapasita mbovu.

Msomaji wangu anauliza pia kama aiache monita ikiwaka usiku kucha ili asubuhi isimsumbue. Itamtii, ndiyo, na zile saa 32,000 zitaisha chini ya miaka minne.

Kuhakikisha kwamba ni kapasita ni rahisi. Saluni haikosi jirani na saiba: azime draya, apulize hewa ya moto kwenye matundu ya nyuma kwa dakika mbili tatu asubuhi na mapema. Ikiwaka mara moja, kesi imekwisha. Kama kitaa hakipepesi bali kinabaki kimewaka, na skrini ni nyeusi, amulike tochi kwa upande. Akiona picha hafifu ndani ya giza, hilo ni tatizo la taa za nyuma, mazungumzo ya siku nyingine.

Ukarabati ni wa kulehemu, vipuri si ghali, na afadhali vimikebe vyote vya upande wa volti ndogo vibadilishwe kwa pamoja, hata vyenye kichwa bapa, maana vimepikwa katika chungu kimoja. Mikrofaradi zilezile, volti zilezile au zaidi, 105°C, na ziwe za ukinzani mdogo wa ndani. Iliyong'olewa kwenye redio ya zamani itarudisha visa mapema. Ule mkebe mkubwa wa volti 400 au 450 asiuguse mtu asiyejua kuutoa chaji, kwani hukaa nayo hata plagi ikiwa imechomolewa. Na fundi akishafungua, anuse: kapasita iliyovuja mara nyingi hunuka samaki.