Uvimbe Unaorejea Usikatwe kwa Pupa

Katika shule na vyuo vya Likoni, Kisauni na Changamwe si ajabu kumwona mwanafunzi mwenye kovu nene begani, kifuani au sikioni. Ngozi ya watu weusi ni nyepesi kutunga kovu kupita kiasi: chanjo ya kifua kikuu, moto wa jikoni, hata tundu la kipuli hutosha kuzaa keloidi. Kwa kuwa jambo hili limezoeleka, kila donge gumu la ngozi tumeliita kwa jina hilo moja, na hapo ndipo penye hatari.

Upo uvimbe mwingine unaoweza kufanana mno na keloidi, nao ni aina ya kansa. Wataalamu huuita dematofibrosakoma. Madaktari wa Kifaransa, Darier na Ferrand, waliueleza mwaka 1924, na tangu hapo tabia yake ya kurejea baada ya kukatwa ikajulikana. Ni maradhi adimu. Nchini Marekani huwapata watu wapatao 4 katika kila milioni kwa mwaka, na takwimu za huko zaonyesha kwamba watu weusi hupatwa zaidi kuliko weupe. Huanza kama kibaka kigumu kisichouma, kikakaa miaka kabla ya kuota vinundu. Asiyeumwa hana haraka ya kwenda hospitali. Keloidi aghalabu huwasha, na mwenyewe hukumbuka jeraha lililoizaa. Hata hivyo, dalili hizo hazitoshi kukata shauri, kwani uvimbe huu nao huweza kuota palipokuwa na kovu.

Tuchukue mfano wa kijana wa Likoni mwenye donge begani. Anakwenda zahanati ya jirani, anadungwa sindano ya ganzi, donge linakatwa, ngozi inashonwa, na kile kinofu kinatupwa ndooni. Baada ya mwaka donge limerudi, naye anakatwa tena. Anapovuka kwa feri kwenda Hospitali Kuu ya Pwani, mpasuaji anakuta kovu lililochanganyika na uvimbe, wala hakuna anayejua kilichotolewa mwanzo kilikuwa nini.

Kosa kubwa, kwa maoni yangu, ni ile ndoo. Kinofu kile kingetiwa katika fomalini na kupelekwa maabara kutazamwa kwa darubini, ugonjwa ungejulikana mapema. Wapo watakaosema kipimo ni gharama na majibu huchelewa. Ni kweli, lakini upasuaji wa pili na wa tatu nao hulipiwa, tena huondoa nyama nyingi zaidi.

Sababu ya kurejea inaeleweka. Uvimbe huu hupenyeza nyuzi nyembamba katika mafuta yaliyo chini ya ngozi, kama mizizi ya mikoko katika matope ya Mtongwe, na jicho halizioni. Kwa hiyo mpasuaji hukata pamoja na ngozi iliyo nzima, yapata sentimita 2 hadi 3 kila upande, akashuka mpaka kwenye utando unaofunika misuli. Kingo za kipande hicho huchunguzwa tena. Zikikutwa na ugonjwa, hukatwa zaidi. Zikiwa safi, pengo huzibwa, pengine kwa ngozi iliyotolewa pajani. Iko pia mbinu ya Frederic Mohs wa Marekani, ya kukata tabaka baada ya tabaka huku kila moja likipimwa, ila huhitaji maabara na mafunzo maalumu. Kwa wasioweza kupasuliwa, dawa ya imatinibu iliidhinishwa Marekani mwaka 2006.

Wazee wetu wengi huamini kwamba kansa ikiguswa na kisu husambaa mwilini. Kwa maradhi haya, kisu kilichoongozwa na kipimo ndicho tiba yenyewe: wanaosambaliwa mwilini hawafiki 5 kwa kila 100, na wengi waliokatwa ipasavyo hupona kabisa.

Walimu nao wana sehemu yao. Marejeo mengi hutokea katika miaka 3 ya kwanza, hivyo mgonjwa hutakiwa kukaguliwa kila baada ya miezi 6 au karibu na hapo, na baadaye mara moja kwa mwaka kwa miaka mingi. Mwanafunzi aombaye ruhusa ya kwenda kliniki, ilhali kovu lake limekwisha kukauka, apewe ruhusa hiyo bila ya kushukiwa utoro.