Kungoja Zamu: Tuwachagulie Watoto wa Chekechea Michezo Gani ya Ubao?

Tunapozitembelea familia katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, wazazi wenye watoto wa umri wa chekechea hutuuliza mara kwa mara: “Baba Padre, mtoto akipewa simu anatulia, akinyang’anywa, nyumba haikaliki. Tumpe nini badala yake?” Swali hili lastahili jibu la uzito, kwa kuwa mtoto wa miaka minne hujifunza tabia kabla hajaanza mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Jibu mojawapo, tena la gharama ndogo, ni mchezo wa ubao anaoucheza pamoja na wazazi na ndugu zake.

Pengine wapo watakaoshangaa kuona jambo hili likifundishwa na Kanisa. Lakini Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika Summa Theologiae, aliuliza kama mchezo waweza kuwa na fadhila yake, akajibu kwamba ndiyo. Alieleza kuwa roho nayo huchoka kama mwili, na mchezo wenye kiasi ndio pumziko lake. Alikumbusha pia simulizi la kale juu ya Mtakatifu Yohane Mwinjili, aliyewaeleza walioshangaa kumwona akiburudika kwamba upinde unaovutwa daima mwishowe huvunjika.

Kwa mtoto mdogo, mchezo ni zaidi ya pumziko. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika Wosia wa Kitume Amoris Laetitia wa mwaka 2016, aliwaasa wazazi wawafundishe watoto kungoja. Hakukataza vifaa vya kielektroniki, bali alionya kwamba kasi ya vifaa hivyo isidhaniwe kuwa ndiyo kasi ya maisha yote. Simu humjibu mtoto mara anapoigusa. Katika mchezo wa ubao, hana budi kutulia dada yake arushe dadu, kisha mama, kisha baba, ndipo zamu yake ifike. Huko kungoja ndiko tunakotaka ajifunze, na mchezo unaofaa ni ule unaompa kiasi cha kungoja anachokiweza.

Basi, tuuchague kwa vipimo gani? Kwanza ni usalama. Mtoto wa chini ya miaka mitatu hutia kila kitu kinywani. Shanga, punje za mahindi, sarafu na vizibo vya soda vyaweza kumkaba. Kama nyumbani yumo mdogo wa umri huo, kete ziwe kubwa, zisizoweza kuingia zote kinywani mwake, na mchezo ukiisha zihesabiwe na kuwekwa juu.

Pili, kanuni ziwe chache. Mchezo usioelezeka kwa sentensi tatu haujafika wakati wake. Bao letu la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, huwashughulisha watu wazima maisha yao yote; tusimdai mtoto wa miaka minne alicheze. Hata hivyo, yeye aweza kupanda kete moja moja shimoni huku akihesabu, na hilo latosha kwa umri wake.

Tatu, mchezo uwe mfupi. Robo saa ni ndefu kwa mtoto huyu. Nyoka na Ngazi kwa kawaida huwa na miraba 100, nayo ni mingi mno. Tuchukue kipande cha boksi, tuchore miraba 20, ngazi tatu na nyoka wawili. Ludo nayo hupunguzwa: badala ya kete nne, kila mmoja apewe moja au mbili, wala asilazimike kungoja sita ili atoke nyumbani, kwa kuwa sharti hilo huwaliza wadogo.

Nne, mtoto awe na nafasi ya kweli ya kushinda. Kadi za jozi zinafaa sana: huchorwa picha mbilimbili za samaki, jua, kikombe na ua, zikafunikwa, kisha kila mmoja hufunua mbili akitafuta zinazofanana. Tuanze na jozi nne au tano. Ipo pia michezo ambayo wote hushinda au hushindwa pamoja. Mmojawapo, Obstgarten, ulitolewa Ujerumani mwaka 1986: wachezaji hushirikiana kuchuma matunda kabla kunguru hajayafikia. Familia yaweza kubuni wa kwake, kwa mfano kuvuna maembe kabla tumbili hajafika shambani.

Hapa baadhi ya wazazi huogopa dadu, wakisema linafungua njia ya kamari. Hofu hiyo tunaielewa, maana tumeona nyumba zilizoharibiwa na kamari. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2413, inafundisha kwamba michezo ya bahati yenyewe haipingani na haki; hugeuka kuwa ovu inapomnyang’anya mtu mahitaji yake na ya wategemezi wake, nayo huweza kumfanya mtumwa. Kwa hiyo dadu tulikubali, lakini pasiwekwe fedha, hata shilingi moja, wala mshindi asiahidiwe zawadi.

Jambo jingine linahitaji uangalifu. Nyoka na Ngazi asili yake ni India, ambako ngazi ziliwakilisha fadhila na nyoka maovu. Ni vyema kumweleza mtoto hayo, ila tusimwambie kwamba amemezwa na nyoka kwa sababu jana hakutii. Dadu halijui nani alitii, na si vema akue akidhani kwamba bahati nzuri ni thawabu ya Mungu na bahati mbaya ni adhabu yake.

Siku itafika mtoto ashindwe, aangue kilio na kuupindua ubao. Tusimcheke, wala tusimpe ushindi wa uongo ili anyamaze. Tumkumbatie, tumsubiri atulie, kisha tuokote kete pamoja naye. Akiiba hatua, tuirudishe kete mahali pake kwa upole, bila kumwita mwizi. Zaidi ya yote, atuone sisi wenyewe tukishindwa na kumpongeza mshindi, maana mtoto huiga anachokiona.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko lake juu ya Elimu ya Kikristo la mwaka 1965, uliwataja wazazi kuwa walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Masista na walimu wa chekechea hutusaidia kazi hiyo, lakini hawatuondolei. Tunapendekeza basi kwamba jioni moja kila juma, kabla ya sala ya familia, simu zote ziwekwe kando, za wazazi zikiwa za kwanza, ubao utandikwe mkekani, na aliye mdogo kuliko wote aanze. Mwenyezi Mungu azibariki familia zetu.