Pambano la Chai na Miwani ya Shaba

Mwishoni mwa Agosti, wikendi ya sikukuu, anayeshuka treni mjini Lincoln, mashariki mwa Uingereza, hana haja ya kuuliza tamasha liko wapi. Anafuata kofia. Kuna kofia ndefu nyeusi zilizovishwa miwani mikubwa ya vioo vya mviringo, kofia za ngozi za marubani wa zamani, na nyingine zimesimikwa bomba dogo kama la meli. Zote zinapanda Steep Hill, mtaa wa mawe wenye mwinuko wa kukata pumzi, kuelekea kwenye ngome na kanisa kuu juu ya kilima.

Hawa ni watu wa stimpanki, na mkusanyiko wao wa Lincoln, ulioanza 2009, ni miongoni mwa mikubwa zaidi duniani. Chanzo cha mambo yao ni swali moja: ingekuwaje kama petroli na umeme visingeipiku injini ya mvuke? Tungeruka kwa maputo yanayosukumwa na boila. Kompyuta ingekuwa kabati la magurudumu ya shaba yenye meno, kama mashine aliyoichora Charles Babbage bila kuikamilisha. Jina lilibuniwa na mwandishi Mmarekani K. W. Jeter, katika barua aliyoipeleka kwa jarida la Locus mwaka 1987, lakini ndoto yenyewe ni ya zamani zaidi. Jules Verne alishaizamisha nyambizi ya Kapteni Nemo baharini, na H. G. Wells alishamrusha mtu kwa mashine ya kusafiri katika wakati, 1895. Kilichobadilika ni kwamba wasomaji waliacha kusoma tu, wakaanza kuvaa.

Hapo ndipo mgeni anapoingiwa na hofu. Atavaa nini? Akitazama mavazi ya wenyeji anadhani yamegharimu mshahara wa mwaka, kumbe mengi ni mitumba. Kizibao cha suti kimenunuliwa katika duka la hisani, sketi ndefu ilikuwa pazia, na mkanda wa ngozi umekatwa kwenye mkoba uliochoka.

Hata shaba yenyewe mara nyingi ni plastiki. Anayetaka miwani huanza na ile ya bei nafuu ya kufanyia kazi za ufundi. Anaipulizia rangi nyeusi kwanza, anaiacha ikauke kabisa, kisha anachovya kitambaa kwenye rangi ya shaba, anakikamua mpaka kinakaribia kukauka, na kuisugua miwani taratibu sehemu zilizoinuka tu. Weusi unabaki kwenye mikunjo na pembe, kama uchafu wa grisi ya miaka mingi. Akimalizia kwa kubandika gurudumu la saa mbovu, kitu cha kiwandani kimepata umri na historia. Bunduki za kuchezea za watoto hupitia njia hiyohiyo na kutoka zikiwa silaha za kutisha. Kazi hii ndiyo roho ya tamasha, kwa hiyo kumsogelea mtu na kumuuliza, "Hii umeitengenezaje?" ni kumpa heshima. Atasimama hapo robo saa akieleza skrubu moja baada ya nyingine. Kumpiga picha bila kuomba, hapana.

Wengi hujipa pia jina na cheo: nahodha wa meli ya angani, profesa wa elimu ambayo haipo, mwindaji wa vizuka. Mgeni halazimiki. Anaweza kuja na shati jeupe na kizibao, akazurura mitaani mchana kutwa na kupokewa vizuri.

Lakini asikose pambano la chai. Wapinzani wawili wanaketi mezani wakitazamana, kila mmoja na kikombe cha chai ya moto na biskuti mkononi. Mwamuzi anatoa amri, biskuti zinatumbukizwa, anahesabu mpaka tano, zinatolewa. Sasa ni subira. Anayeshinda ni atakayekuwa wa mwisho kuitia biskuti yake mdomoni, bila kuidondosha hata chembe. Yeyote aliyekunywa chai ya jioni kwa biskuti anajua kinachofuata: rangi inakolea, ncha inalegea, shingo inaanza kupinda. Umati unashusha sauti. Ukiwahi, umempa mwenzako nafasi. Ukichelewa sekunde moja, biskuti inaanguka mezani na uwanja mzima unapiga kelele.

Kuna vazi moja ambalo msomaji wa Afrika Mashariki hawezi kulipita akitabasamu, nalo ni kofia ngumu nyeupe, ile ya Bwana Shauri, mtawala wa wilaya wa kikoloni. Enzi ya mvuke ndiyo enzi ya ukoloni. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa 1896 ilileta gari moshi, na gari moshi likaleta walowezi. Ndani ya stimpanki mjadala kuhusu ukoloni huo una miaka mingi, na umezaa kazi nzuri. Mmarekani Nisi Shawl alitoa riwaya ya Everfair mwaka 2016, ambamo Wajamaa wa Kiingereza wananunua ardhi ya Kongo kutoka kwa Mfalme Leopold wa Pili na kuanzisha nchi ya kimbilio kwa walionusurika mateso ya kulazimishwa kuvuna mpira. Humo, mvuke unawatumikia walioonewa.

Kwa hiyo Mswahili anayekwenda Lincoln hana sababu ya kuazima kofia ya mtawala. Ziwa Tanganyika kuna MV Liemba, meli iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa hadi Kigoma na kuungwa upya. Wajerumani waliizamisha wenyewe 1916. Iliibuliwa 1924, na mwaka 1927 ikarudi kubeba abiria, kwa mvuke, kwa miongo kadhaa kabla ya kuwekewa injini ya dizeli. Fundi wa chumba cha injini cha meli hiyo angevaa ovaroli yenye grisi, spana kubwa kiunoni, miwani ya shaba kwenye paji la uso na kipande cha kanga shingoni cha kufutia jasho. Vyote hivyo vinapatikana mnadani Kigoma, isipokuwa shaba ya miwani, ambayo ni rangi na kitambaa tu.