Ngazidja: mvua nyingi, maji adimu

Katika njia ya zamani ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, vituo vya kupumzikia vilichaguliwa kwa kufuata maji. Busara hiyo inamfaa pia msafiri wa leo anayezuru Ngazidja, kisiwa kikubwa zaidi cha Komoro katika Bahari ya Hindi.

Ngazidja ni zao la volkano. Mlima Karthala, wenye kimo cha mita 2,361, ungali hai. Mvua hunyesha kwa wingi, lakini miamba ya lava ina matundu na nyufa. Maji huzama ardhini, na kisiwa hakina mito ya kudumu. Ndiyo maana vijiji vingi hukinga maji ya mvua na kuyahifadhi katika matangi.

Novemba 2005 mlima huo ulilipuka. Majivu yaliangukia matangi hayo na kuyachafua maji ya maelfu ya wakazi.

Hivyo, anayekusudia kupanda Karthala anashauriwa kuulizia kwanza hali ya mlima, kuongozana na mwenyeji anayeijua njia, na kubeba maji ya kumtosha. Maji ya matangi ya vijijini ni akiba ya wenyeji kwa miezi ya kiangazi.