Ukijifukiza, zima jiko la gesi kwanza

MJINI Bwera, mafua yakimshika mtu, safari yake ya kwanza si ya duka la dawa. Ni ya nyuma ya nyumba kwenye mkaratusi, au kwa jirani mwenye mchaichai. Majani yanatiwa katika sufuria, shuka inatafutwa, na mgonjwa anainama juu ya mvuke mpaka jasho limtiririke. Huko ndiko kujifukiza. Watu wa Kasindi wanafanya na watu wa Mpondwe wanafanya. Mto Lhubiriha unatenganisha nchi mbili, lakini katika jambo hili hautenganishi chochote.

Sisi tuliosomea ukimbizini, upande wa pili wa mpaka, nchi ile ilipokuwa bado ikiitwa Zaire, tulilelewa na desturi hiyo hiyo. Kule tulifundishwa hesabu na kemia kwa Kifaransa, lakini dawa ya mafua tulifundishwa kwa Kiswahili na akina mama wa jirani. Tuliporejea tulikuta hakuna kilichobadilika ila kitu kimoja, nacho ni moto.

Zamani moto ulikuwa wa kuni na ulikuwa nje. Sufuria ilichemka uani penye mafiga matatu, kisha ikaepuliwa na kuletwa kwa mgonjwa. Hakuna aliyeweza kujifunika shuka juu ya kuni zinazowaka. Moshi peke yake ungemfukuza. Leo mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6, wenye jiko lililokaa juu yake, umeingia katika vyumba vya kupanga. Hauna moshi, hauna majivu, na unawaka kwa dakika moja. Kwa mfanyabiashara anayerudi sokoni saa mbili usiku, huo ni msaada mkubwa.

Hatari imejificha hapo hapo. Kwa kuwa gesi haitoi moshi, mtu anashawishika kuacha jiko likiwaka huku ameinama juu ya sufuria, kichwa ndani ya blanketi, mlango umefungwa ili baridi isiingie. Desturi ilihamia ndani, tahadhari zake zikabaki uani.

Moto mkali hauongezi dawa

Wengi hudhani kwamba maji yakitokota kwa nguvu ndipo dawa inapotoka vizuri. Sivyo. Harufu ile ya mkaratusi inayofungua pua inatokana na mafuta yaliyomo ndani ya jani, na kiini chake kikuu huitwa sineoli. Sineoli ikiwa peke yake huchemka kwenye nyuzi 176 hivi. Lakini ikichanganyika na maji ya moto, hupanda pamoja na mvuke hata kabla ya nyuzi 100. Ndiyo njia ile ile wanayotumia watengenezaji wa manukato kukamua mafuta ya majani.

Maana yake ni nini kwa mpishi wa dawa? Maji yakishachemka, moto mkali hauna faida tena. Unamaliza maji, unamaliza gesi, na harufu yote inapotelea darini kabla mgonjwa hajaketi. Maji yakiisha kabisa, majani yanaungua, na hapo si mvuke tena bali ni moshi. Moshi wa jani lolote, liwe tumbaku, mkaratusi au mchaichai, una masizi na hewa ya sumu, nao unaumiza mapafu yale yale unayotaka kuyatibu. Ufundi wa kujifukiza ni kupasha jani bila kuliunguza.

Utaratibu wenyewe

Kwanza, chukua majani unayoyajua kwa hakika. Yaoshe. Usichume kando ya shamba lililopuliziwa dawa ya wadudu. Konzi moja kwa lita moja ya maji inatosha. Kujaza sufuria majani hakuongezi nguvu ya dawa.

Pili, chemsha sufuria ikiwa imefunikwa. Mfuniko unazuia harufu isipotee, tena unaokoa gesi. Maji yakianza kutokota, punguza moto uwe mdogo kabisa kwa dakika tatu au nne.

Tatu, zima jiko. Funga na vali ya mtungi wenyewe, si kitufe cha jiko peke yake. Hatua hii haina badala yake.

Nne, epua sufuria na uiweke mbali na mtungi, juu ya sakafu iliyo sawa, ndani ya beseni pana. Beseni hilo ni la kuzuia sufuria isipinduke kwa mguu au kwa mkono. Subiri dakika tano ndipo ufunue. Mvuke wa kwanza ndio mkali zaidi: unapogusa ngozi na kugeuka kuwa maji, huachia joto jingi kwa mara moja.

Tano, keti vizuri. Uso uwe mbali na sufuria kwa urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Tumia shuka nyepesi ya pamba, si blanketi zito la nailoni. Fumba macho, vuta hewa kwa pua polepole bila kulazimisha. Dakika tano hadi kumi zinatosha. Ukisikia kizunguzungu au kifua kinabana, funua shuka mara moja.

Sita, kila mtu na shuka yake. Kujifunika watatu chini ya shuka moja ni kupeana mafua, na kama kuna kifua kikuu ni kupeana kifua kikuu. Maji yanayobaki yamwagwe. Wala usiongeze mafuta ya mkaratusi ya chupa, kwa maana mafuta hayo yakinywewa na mtoto ni sumu.

Asiyepaswa kuingia chini ya shuka

Mtoto mdogo hafukizwi. Maji yenye nyuzi 60 tu yanaweza kumuunguza mtu mzima vibaya kwa sekunde tano hivi, na ngozi ya mtoto ni nyembamba zaidi. Bwera iko juu kuliko Ziwa Edward, ambalo lenyewe liko zaidi ya mita 900 kutoka usawa wa bahari. Kwa hiyo maji yetu huchemka chini kidogo ya nyuzi 100. Lakini tofauti hiyo ndogo haimwokoi mtoto.

Hili si jambo la Bwera peke yake. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa Covid-19, madaktari wa Birmingham, Uingereza, waliandika katika jarida la Lancet kwamba watoto walioungua kwa sababu ya kujifukiza walikuwa wameongezeka sana. Tanzania nako, mwaka huo huo, Rais John Magufuli aliwahimiza wananchi kujifukiza, na hospitali ya taifa ya Muhimbili ikaweka vibanda vya kazi hiyo. Mvuke uliwapa wengi nafuu ya pua na koo. Haikuthibitishwa kwamba unaua kirusi cha Covid-19.

Mwenye pumu naye ajihadhari, kwa kuwa harufu kali inaweza kumwamsha ugonjwa wake. Mama mjamzito na mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu waulize kwanza kwa mkunga au daktari.

Ikitokea ajali, mwagia sehemu iliyoungua maji baridi safi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, wala yai, wala majivu. Funika kwa kitambaa safi na uende hospitali.

Gesi hukaa chini

Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa butani na propani. Ndani ya mtungi ni kimiminika. Ikitoka inakuwa hewa, na hewa hiyo ni nzito kuliko hewa tunayovuta. Haipandi darini. Inatambaa sakafuni na kujikusanya pembeni na chini ya kitanda. Sasa fikiria mgonjwa wa mafua: ameketi mkekani, yuko chini kabisa, na pua yake imeziba. Harufu ile mbaya iliyowekwa makusudi katika gesi ili itushtue, yeye haisikii. Ndiyo sababu mgonjwa asiachwe peke yake na mtungi chumbani.

Kila unapobadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye vali na kwenye maungio. Povu likivimba na kutoa mapovu mapya, gesi inavuja. Usipime kwa kiberiti. Mtungi usimame wima siku zote. Ukilazwa, kimiminika kinaweza kutoka badala ya hewa, na moto ukaruka. Ukisikia harufu, funga vali, fungua mlango na madirisha, usiwashe wala kuzima taa, kisha toka nje.

Angalia na rangi ya moto. Moto mzuri ni wa buluu, umetulia. Moto wa manjano unaopaka sufuria masizi unasema hewa haitoshi au matundu ya jiko yameziba. Moto wa namna hiyo katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Huanza kwa kichwa kuuma na usingizi, na mgonjwa wa mafua atadhani ni mafua yake tu. Ndani ya blanketi hatari hiyo huja haraka zaidi, mbali na hatari ya blanketi lenyewe kushika moto.

Jasho si kupona

Sasa tuje kwenye jambo ambalo kwa watu wa mpakani ni zito kuliko yote. Mtu akitoka chini ya shuka amelowa jasho, husikia mwili mwepesi, naye husema homa imetoka. Kesho yake anapakia samaki, chumvi ya Katwe au vitenge, anavuka. Lakini jasho lile limetokana na joto la sufuria. Kama ni malaria, vijidudu vimo ndani ya damu, na mvuke hauvifikii. Kipimo cha haraka cha tone la damu hutoa jibu kwa dakika 15 hadi 20, na dawa mseto ipo. Siku mbili za kujifukiza kwa mtoto mwenye malaria zinaweza kuwa siku mbili zilizomgharimu uhai.

Na si malaria tu. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa Kivu Kaskazini Agosti 2018 uliua watu zaidi ya 2,200 kabla ya kutangazwa kwisha Juni 2020. Wakazi wa hapa wanakumbuka Juni 2019, pale mtoto wa miaka 5 aliyefika na familia yake kutoka Kongo alipopelekwa hospitali ya Kagando, kisha kwenye kituo cha matibabu ya Ebola cha Bwera. Tarehe 11 mwezi huo ugonjwa ulithibitishwa. Mtoto alifariki, na baada yake wakafariki bibi yake na mdogo wake. Agosti ya mwaka huo huo, msichana wa miaka 9 kutoka Kongo aligunduliwa pale pale Mpondwe kwenye ukaguzi wa afya, akatengwa na kupelekwa Bwera. Naye hakupona, lakini aligunduliwa kabla hajaingia sokoni wala katika nyumba za watu.

Wakati wa milipuko kama hiyo, wapo wanaoogopa kipimajoto cha mpakani kuliko ugonjwa. Kurudishwa ni kupoteza siku ya soko, na samaki hawangoji. Hofu hiyo inaeleweka, hasa kwa mtu aliyerejea bila shamba, ambaye mtaji wake wote umo ndani ya kapu. Lakini Ebola huambukizwa kwa majimaji ya mwili wa mgonjwa: damu, matapishi, na jasho pia. Shuka iliyolowa jasho la mgonjwa, ikipokelewa na dada yake, ikafuliwa na mama yake, ndiyo njia yenyewe. Kumfukiza nyumbani mtu mwenye homa kali ili avuke kesho ni kuiweka familia nzima mahali pa kipimajoto.

Kwa hiyo kanuni iwe hii. Pua imeziba, koo linawasha, mwili hauna homa: jifukize, kwa utaratibu tulioueleza. Kuna homa, kutapika, kuharisha, kutoka damu, kupumua kwa shida, au mtoto anakataa kunyonya: acha sufuria. Mwite mhudumu wa afya wa kijiji, au nenda hospitali ya Bwera au Kagando, iliyo karibu nawe. Sema wazi umetoka wapi na umekutana na nani. Mgonjwa anayeficha safari yake anamfunga macho daktari.

Kujifukiza ni urithi wetu, nasi hatuna haja ya kuuacha. Lakini mitungi inazidi kuingia nyumbani, na vyumba ni vile vile vidogo. Mwenye nyumba anayepangisha aweke mahali pa kupikia penye hewa. Muuza gesi amwonyeshe mnunuzi kipimo cha povu kabla hajaondoka. Nasi walimu tunaweza kulifundisha hili darasani kwa sufuria moja na mkaratusi wa uwanjani. Mwenye kuzima jiko mapema ataona akiba ya gesi mwisho wa mwezi. Akiba ya ngozi ya mtoto hataiona, kwa kuwa hakuna kitakachotokea.