Unapanda Mlima Kenya? Soma kwanza kopo la gesi

MMESHAPANGA na mabeshte: likizo hii ni Mlima Kenya, hadi Point Lenana, mita 4,985. Buti zipo, jaketi zipo. Je, jiko?

Usicheke. Kambi ya Shipton iko zaidi ya mita 4,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku baridi huko hushuka chini ya nyuzi sifuri. Wapandaji huamka usiku wa manane kuelekea kileleni. Jiko likigoma saa hiyo, hakuna chai wala uji, na maji huenda yameganda chupani.

Lile jiko la mezani linalotumia kopo refu la butani ni poa mjini. Mlimani ni stori tofauti. Butani huacha kugeuka mvuke baridi inapokaribia nyuzi sifuri. Ukitikisa kopo unasikia gesi imo, lakini moto hauwaki ng'o!

Kwa hivyo, kabla ya kulipa, soma kilichoandikwa kwenye kopo. Tafuta mchanganyiko wa isobutani na propani. Isobutani hustahimili hadi takriban nyuzi 11 chini ya sifuri, propani hadi 42. Usiku funga kopo vizuri, lilaze nawe ndani ya begi la kulalia. Usilipashe kwa moto kamwe, wala usilizungushie kizuizi cha upepo, linaweza kulipuka.

Mkiwa kundi kubwa, fikirieni jiko la pampu la petroli au mafuta taa. Hapo presha inatoka mkononi mwako, si kwa hali ya hewa. Ila ni zito, na lazima lipate joto kwanza ndipo liwake sawasawa. Lizoee kabla ya safari.

Kingine: Shipton maji huchemka kwa takriban nyuzi 86, si 100. Githeri ya kuanzia mwanzo itakulaza njaa. Beba tambi za haraka, unga wa uji na supu ya pakiti. Na usitegemee kitufe cha kuwashia. Weka kiberiti pakavu.

La mwisho, usipikie ndani ya hema lililofungwa, hata baridi ikikung'ata vipi. Jiko hutoa kaboni monoksidi, sumu isiyo na harufu. Dalili zake, kuumwa kichwa na kichefuchefu, hufanana na za ugonjwa wa kimo. Utadhani ni mlima tu, ulale, usiamke.