“Balansi yako bado”: nani anamdai nani?

ARUA – Mwanzoni nilidhani nadaiwa. Nilinunua sabuni ya shilingi 3,000 katika duka moja mjini hapa, nikatoa noti ya 10,000. Mwenye duka akapekua droo, akatazama nje, kisha akasema: “Bosi, ngoja kwanza, balansi yako bado.”

Kwetu Kenya, balansi ambayo bado ni deni. Nikaanza kubisha kwamba nimelipa zote. Mama aliyesimama nyuma yangu akacheka: “Baba, anataka kukupa pesa, wewe unakataa?”

Nchini Uganda, balansi ni pesa anayorudishiwa mnunuzi, ile ambayo Nairobi na Dar es Salaam huitwa chenji. Chenji nayo wanaijua, ila mara nyingi humaanisha pesa ndogondogo. Ndiyo maana muuzaji aweza kusema hana chenji ya kukupa balansi, na hajarudia neno. Kiingereza cha Waganda kina mengi ya namna hii. Mwaka 2014 Bernard Sabiti alikitungia kamusi nzima, akaiita Uglish.

Dukani mkanganyiko huo ni kichekesho. Kwenye mzigo ni hasara.

Barabara ya lami ya Vurra–Arua–Koboko–Oraba, kilomita 92, inaunganisha mpaka wa Kongo na ule wa Sudan Kusini. Biashara nyingi hapa huenda kwa kuaminiana: pesa hutangulia kwa simu, mzigo hufuata kwa lori, na hesabu huandikwa kwenye kikaratasi.

Chukua mfano. Umetuma Koboko shilingi 1,000,000, bidhaa zikagharimu 800,000. Kikaratasi kinakuja kimeandikwa “balansi 200,000”. Muuzaji anamaanisha atakurudishia. Wewe uliyezoea balansi ya Kenya unasoma kwamba uongeze. Kati yenu sasa kuna tofauti ya 400,000, na hakuna aliyedanganya. Ukimpigia simu kwa hasira, atakujibu kwa utulivu kabisa kwamba balansi ipo, na hapo ndipo hasira inapozidi.

Simu yenyewe inaongeza maana ya tatu, yaani salio la akaunti. Mtu akikuambia “nimeangalia balansi”, muulize ni ya kwenye simu au ya mzigo.

Kuhamia Kiswahili sanifu si dawa kamili. Neno “baki” lina utata uleule: iliyobaki kulipwa au iliyobaki kurudishwa? Kwa asili ni la Kiarabu, hivyo wengi wanaovuka kutoka Sudan Kusini hulielewa haraka, lakini si lazima waelewe upande wako wa hesabu. Anayetoka Ariwara, ng’ambo ya Kongo, huenda akaomba “monnaie”, na huyo angalau hatakuchanganya.

Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, Kongo ikafuata 2022. Ushuru una majedwali yake. Maneno ya sokoni hayana. Kwa hiyo andika kitenzi, si nomino: “nitakurudishia 200,000” au “unadaiwa 200,000”. Weka na jina la sarafu, maana mpakani hapa shilingi, faranga, pauni na dola hupita mkono mmoja.

Yule mwenye duka alimtuma kijana kwa jirani kuvunja noti. Nikapata 7,000 zangu.